Jiwe la Pipa la Figili

Osaka, 3 Novemba

Mama mpenzi,

Asubuhi hii nimekumbuka mlio mmoja: du, jiwe lako la kukandamizia likitua juu ya kifuniko cha pipa la figili za chumvi. Utotoni nikiusikia nilijua baridi imefika, na wewe upo.

Umeamkaje? Titi bado linauma? Mimi mzima, ninaendelea na ile kazi ya kuwaandikia watu kurasa zao za mtandaoni. Nimeomba ruhusa nije kwa ajili ya upasuaji wako wa tarehe kumi na nne. Niwekee figili.

Mwanao, Chihaya

Yokote, 9 Novemba

Mwanangu Chihaya,

Barua imefika, nimefurahi. Theluji imeshagusa milima. Mimi sijambo, wala usijisumbue na ruhusa. Nimemwambia daktari asubiri. Siku hizi nakunywa juisi ya karoti, vikombe sita kwa siku, na chumvi nimeacha kabisa. Kwa hiyo mwaka huu sikutia figili pipani. Jiwe nimempa jirani yetu Kinue. Ananicheka: “Fusae, bado masikio tu yarefuke kama ya sungura.” Viganja vimekuwa vya manjano, lakini mwili nauona mwepesi.

Mama yako

Osaka, 12 Novemba

Mama,

Nisamehe, sina salamu. Karoti haiondoi saratani. Mpigie daktari leo. Nani amekudanganya? Nitajie jina lake.

Chihaya wako

Yokote, 16 Novemba

Mwanangu,

Natumaini unakula vizuri. Usikasirike.

Jina unalijua. Ni Bi. Reika, yule wa ukurasa wa afya. Nimekuwa nikiusoma tangu masika. Kuna habari ya mama aliyepona kwa karoti, anayepuliza uji wa mtoto mara tatu, kisha anauonja kwa ncha ya kidole kidogo. Hapo nikajua nani anamwandikia Reika. Mama yule ni mimi, nilivyokulisha utotoni.

Nilikuwa naogopa kisu, Chihaya. Nikajisemea, mwanangu amesoma, hawezi kuandika asilolijua. Maneno yako yalinishika mkono. Kama si kweli, niambie tu.

Mama yako

Yokote, 20 Novemba, saa nane mchana

Mama,

Salamu nitakupa ukiamka. Nimekukuta umelala, kiganja chako cha manjano kiko juu ya blanketi. Naandika kwa sababu nikisema nitalia kabla sijamaliza.

Si kweli. Mama aliyepona hayupo. Nilimtunga mezani kwangu, nikampa kidole chako ili watu wampende. Sikumuuliza mgonjwa hata mmoja. Juzi nimeyaandika hayo kwenye ukurasa ule ule, kwa jina langu. Reika aliyafuta baada ya saa moja. Nikayaandika tena kwenye ukurasa wangu, na kazi yake nimeiacha.

Daktari anasema Jumanne kuna nafasi, ila anataka kuisikia sauti yako, si yangu. Namba yake iko chini ya kikombe. Ukiogopa, tutaogopa wote wawili.

Nimepita kwa Kinue kulichukua jiwe. Akaniuliza, “Akishapasuliwa, mkono wake hautakuwa na nguvu; nani atalinyanyua?” Nikamjibu kuwa ni mimi. Amenitazama mikono yangu ya kalamu, akacheka sana.

Chumba cha Osaka nimeshakirudisha kwa mwenye nyumba. Begi langu liko mlangoni kwako, na jiwe liko kando yake.

Mwanao