Kikaango cha Shangazi Yako

Mjukuu wangu, mume wangu Fidelis,

Shikamoo yako imefika huku Kizwite, marahaba. Babu yako mzima, ila yeye na jogoo wetu wamenuniana tangu Jumapili.

Umenichekesha, baba. Umefika Australia na begi lako la mgongoni, siku ya nne tu umeona kikaango cheusi cha shangazi yako, ukadhani ni masizi, ukakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa kama bati jipya, kumbe weusi ule ndio huzuia chakula kisigande! Sasa amekufokea, unaniuliza kama uondoke.

Mimi nilipokuwa msichana nilitoka Mbeya kwenda kukaa kwa shangazi yangu huko Laela, kwa Wafipa. Siku tatu nikaitwa mgeni, nikapewa mapaja ya kuku. Ya nne nikakuta shamba lake limejaa vilima vya udongo, nikadhani ni uvivu, nikavisawazisha vyote. Kumbe Wafipa hufukia nyasi humo zioze ziwe mbolea!

"We binti! Kazi ya wiki mbili umeifuta asubuhi moja! Huko kwenu hamna macho?"

Nikalia, nikafunga kanga zangu, nikashika njia ya stendi. Shangazi akanikimbiza na jembe mkononi. Nikajua leo nakufa.

"Unakwenda wapi? Vilima vyangu atavirudisha nani?"

Nilivirudisha. Paja la kuku sikuliona tena, wala hakuna aliyeniita mgeni.

Mgeni hafokewi, mume wangu. Mnunulie shangazi yako kikaango kingine, halafu toa nguo zako kwenye begi.

Bibi yako, ambaye sufuria zake hukuwahi kuzisugua.