Mbwa wa Baba Hakuwa Baiskeli

Kaka yangu Wafula,

Mkeo Rosa ameniletea barua yako hapa ofisini, na ameketi mbele yangu anangoja jibu. Miaka tisa hujaniandikia hata mstari mmoja, leo umejaza kurasa mbili, na zote ni za mbwa! Ati Jimi wenu hapo Komarock amepooza miguu ya nyuma, ati watoto hawalali kwa kilio chake, ati daktari wa mifugo amesema apigwe sindano apumzike. Na ati nije mimi nimpeleke, kwa sababu "wewe mambo hayo unayaweza". Wafula! Huna haya?

Nilicheka mpaka wenzangu wakaacha kupiga taipu. Halafu nikaenda chooni nikalia. Kabla sijakujibu wacha nikukumbushe, maana nakujua ulivyo hodari wa kusahau.

Unamkumbuka Bobi? Baba alimleta Makongeni ndani ya kofia yake ya kazi, akitoka zamu ya reli, kadogo, kamejaa viroboto. Tuligombana wiki nzima nani atalala naye. Siku wale watu wa kukamata mbwa walipopita mtaani, tulijifungia chumbani, wewe umemshika mdomo, mimi naimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu ili asisikike. "Imba, Nafula, imba! Ukinyamaza tumekwisha." Niliimba mpaka beti zikaniishia, nikaanza kuimba majina ya stesheni za reli kutoka Nairobi hadi Bungoma. Ulicheka machozi yakakutoka. Na Jumamosi tulikuwa tukienda pamoja soko la Burma kuomba mifupa kwenye bucha, wewe ukinishika mkono kuvuka barabara. Nilikupenda, kaka. Usingekuwa mtu niliyempenda, hasira hii ingeshapoa zamani.

Halafu Baba akaugua tumbo. Mama alikuwa ametangulia, kwa hiyo tulikuwa wawili tu pale wodini, wewe upande huu wa kitanda, mimi upande ule. Alikuwa hawezi hata kumeza maji. Akasema polepole, "Bobi naye amezeeka. Akifika hapa nilipo mimi, msimwache ateseke. Mpelekeni kwa daktari." Ukamjibu, "Sawa, Baba." Nilikusikia kwa masikio yangu haya mawili.

Tulimzika. Miezi michache baadaye Bobi akatokwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama ngumi. Daktari alimpapasa akatikisa kichwa. Akasema hatapona, ila mwenye mbwa akitia sahihi, atampa dawa alale bila maumivu. Nilikukimbilia wewe, maana ndiye uliyebaki mkubwa wa nyumba. Nawe ukatoa karatasi ya daftari. Ulikuwa umeorodhesha vitu vya Baba vitakavyogawiwa siku ya makumbusho yake, wazee wa ukoo wakikaa kumkumbuka: baiskeli, koti, redio, saa, mbwa. Uliandika mbwa, Wafula, chini ya saa!

"Vitu vya marehemu haviguswi mpaka wazee wakae," ukasema.

"Bobi si kitu. Na Baba alituambia."

"Unataka watu waseme tumeanza kumaliza mali ya Baba kaburi halijakauka?"

Makumbusho yalikuwa bado wiki sita. Ukabeba godoro lako ukahamia mtaa wa Baba Dogo, ati uwe karibu na kiwanda. Hukutaka kumsikia Bobi akilia, basi. Mimi nilimsikia siku kumi na tisa. Nilimpa uji kwa kijiko, ukamtoka puani. Nilimfukuza nzi mpaka mkono ukafa ganzi. Majirani waliacha kunisalimu, wakidhani mimi ndiye ninayemtesa. Siku ya ishirini nilimfunika kwa lile koti la kwenye orodha yako, nikambeba kwa miguu hadi kwa daktari, na penye sahihi ya mwenye mbwa nikaandika jina langu. Nilimshika kichwa. Aliniramba kidole, akashusha pumzi, akalala. Ilikuwa rahisi hivyo, kaka. Kitu rahisi namna hiyo ulimnyima kwa siku kumi na tisa.

Yaliyofuata unayajua, lakini wacha niyaandike. Nyumbani kijijini, siku ya makumbusho, ulisimama mbele ya wazee ukasema, "Huyu amemuua mbwa wa Baba, na koti la Baba amelitia uchafu." Wazee hawakuwa wabaya. Walikuuliza wewe, mwana mkubwa: je, marehemu aliacha neno lolote kuhusu mbwa? Ukaniangalia. Ukawageukia. "Hakuna neno aliloacha." Nikaambiwa nibaki jikoni, nisikanyage kaburini kwa Baba. Mpaka leo sijalikanyaga. Mpaka leo nikipita kwa jamaa zetu, naitwa muuaji.

Basi jua kwamba nimeiombea siku hii. Haki ya Mungu, nimeiomba kwa magoti, si kwamba mbwa aumwe, bali kwamba wewe ukisikie kile kilio chumbani mwako na usiwe na Baba Dogo ya kukimbilia. Sasa unakisikia. Nilitaka nikujibu neno moja tu: ngoja wazee wakae. Nililipiga kwa taipu, nikalitazama, likanikalia tamu mdomoni. Lakini Jimi hakunikosea.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nitakuja. Utambeba wewe mwenyewe, mikononi. Utatia sahihi wewe, utamshika kichwa wewe, na hutatoka nje mpaka amalize pumzi yake ya mwisho. Usininunulie soda, wala usinitafutie kiti. Jimi nitamhurumia. Wewe sijakusamehe, na sijui kama nitakusamehe.

Jambo moja la mwisho. Rosa, alipoketi hapa, aliniuliza kwa upole, "Wifi, kwani ulimfanyia nini Wafula hata hataki watoto wakujue?" Kumbe hukumwambia. Nimemwambia jibu limo katika barua hii. Bahasha sikuitia gundi, na kutoka hapa mpaka Komarock ana muda wa kuisoma mara mbili.

Dada yako,
Nafula