Dada Yako Alikuja na Hakusema Kitu

Baba yangu,

Shikamoo. Nyingine nimeziacha, maana salamu ndefu zilikuwa zinakuchosha. Miaka thelathini ulikaa kijijini kwetu Mtawanya, na hadi mwisho mtu akikuuliza habari za asubuhi ulikuwa unafikiria kwanza. Sisi wengine tunasema nzuri, ndipo tuseme nyumba inaungua. Wewe ulimjibu imamu kwamba si nzuri, tumbo limekusumbua tangu jana, halafu ukanyamaza. Maskini alisimama pale hajui aendelee vipi.

Nakuandikia kukuambia kwamba dada yako alikuja. Shangazi Aino, yule wa kwenye picha ya theluji, alishuka Kibiti miezi minne baada ya sisi kukuzika.

Mama aliposikia anakuja hakula siku mbili. Ulifariki Alhamisi alfajiri, na alasiri ya siku hiyohiyo ulikuwa kaburini, kama ilivyo kwetu Waislamu. Wewe mwenyewe ulinisimulia kwamba Ufini maiti hungojewa wiki mbili tatu, ndugu wote wakapata nafasi ya kufika, kahawa ikapikwa, watu wakakaa kimya pamoja. Dada yako alipata simu tumeshatoka makaburini. Mama akaamini anakuja kutulaani, au kutaka ufukuliwe upelekwe kwenu. Aliniuliza mara ngapi sijui, atamjibu nini akiulizwa haraka ilikuwa ya nini.

Alipofika, shangazi alitushika mkono, akatutakia siku njema, basi. Hakutukumbatia, hakulia, hakuuliza kitu. Majirani walikuja kumpa pole wakakaa naye barazani kutwa, wanamsemesha, yeye anatikisa kichwa. Mama akanivuta jikoni akasema huyu amenuna. Nikamweleza kwamba kwa Wafini kunyamaza na mtu ni kumwamini. Akanijibu kwamba ameambiwa hivyo miaka thelathini na bado hajazoea.

Basi akaamua kumlainisha kwa chakula. Siku ya kwanza wali wa nazi na kamba wa kutoka delta. Shangazi akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kwetu sahani tupu maana yake njaa, mama akaongeza. Kwao kubakiza ni kumdharau mpishi, shangazi akamaliza tena. Mama akaongeza tena. Mimi nilikaa katikati yao na Kifini changu ulichonifundisha, nikichelewa kuelewa, nisamehe. Siku ya pili kuku, siku ya tatu bata wa jirani. Siku ya nne dada yako hakuinuka kitandani, amejishika tumbo, na mama yuko jikoni analia kwamba amemzika kaka, sasa amemuua na dada.

Nilimwendea shangazi nikamuuliza kwa nini hakusema ameshiba.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

Baba, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa wewe mtupu. Hapo ndipo nilipojua nimekukosa kiasi gani, maana kicheko kiligeuka katikati ya njia na nikalia, mimi ambaye siku ya mazishi sikutoa hata sauti. Mama wadogo walisema siku ile kwamba Uzungu umenikausha moyo. Mimi nadhani nimegawanywa vibaya tu: mdomo nimechukua kwa mama, na machozi nimechukua kwako, yanakuja kwa kuchelewa na bila hodi.

Siku ya sita tulimpeleka kaburini kwako kabla ya safari yake ya kurudi. Alisimama muda mrefu mikono mfukoni. Mama akashindwa kuvumilia.

"Wifi," akasema, "kama umekuja kumchukua ndugu yako niambie, nijue moja."

Nikatafsiri. Shangazi akanyamaza, na kwa mara ya kwanza mimi pia nikauona ule ukimya mrefu anaoulalamikia mama. Kisha akasema maneno mengi kuliko ya siku zote tano zilizopita.

"Nyumbani alikuwa hasemi. Hata mama yetu alikuwa haijui vizuri sauti yake. Alipohamia huku na simu zilipofika, akaanza kutupigia kila Jumapili, anaongea saa nzima. Mpunga, viboko walioingia mpungani, mke wake, mtoto wake kapoteza jino. Tulidhani ni mgonjwa. Nimekuja kuona ni watu gani wamemfanya aongee. Mwacheni hapahapa."

Mama alinitaka nirudie. Nikarudia. Akaketi kwenye nyasi akasema kumbe ameolewa na mtu wa maneno na hakuna aliyemwambia. Shangazi alipomwona anacheka na kulia kwa pamoja akaketi karibu yake, karibu kabisa, mpaka mabega yakagusana, na kwa Mfini unajua mwenyewe hilo ni jambo kubwa.

Saa nzima, baba. Zile Jumapili ulizokuwa ukipanda kilimani peke yako kutafuta mtandao, sisi tukisema umeshatuchoka na kelele zetu, kumbe ulikuwa unakwenda kuwasimulia wa kwenu habari zetu sisi.

Pumzika. Najua hutajibu, na safari hii sikukasirikii.

Mimi mwanao, mwenye mdomo wa mama