Vipande Vyangu vya Bati

Jumatatu, 4 Machi 1974

Nimefundisha kemia, kidato cha pili, vipindi vitatu. Joto kali. Chuo kingine cha Ulaya kimenikataa. Nafasi za kusomea shahada ya udaktari katika sayansi ya metali zimejaa, wanasema. Wameniandikia "Bwana Zuhura". Hata kuuliza mimi ni nani hawakuuliza.

Jioni ufukweni, kukagua vipande vyangu vya bati. Vya huku vimeliwa na kutu mpaka vimetoboka. Vya Kiwangwa, mbali na bahari, bado vizima. Mwaka wa pili huu navipigilia kwenye nguzo, peke yangu, nione chumvi ya bahari inafika wapi.

Alhamisi, 7 Machi

Mwalimu wangu wa zamani kanipigia simu kutoka Dar. Kuna profesa mgeni anachunguza kutu ya pwani, anatafuta mwanafunzi wa udaktari. Kamweleza habari zangu. Anakuja Jumamosi. Furaha iliyoje!

Jumamosi, 9 Machi

Nina hasira.

Nilimzungusha siku nzima, ufukweni mpaka Kiwangwa. Kila kipande akakipiga picha. Akanisifu. Nyumbani Mama akamwandalia mkate wa kumimina, akala akashiba. Ndipo akasema nafasi ameshampa kijana wa kwao, atakuja Juni. "Wewe utamsaidia. Unajua watu, unajua lugha." Halafu akamwashiria dereva apakie garini sanduku la vipande nilivyokwisha kuvipima. Hakuniomba!

Nililishusha mwenyewe. Nikamwambia, "Hivi ni vyangu." Akacheka, akadhani natania. Nikakalia sanduku mpaka gari likaondoka.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu mkuu kaniita ofisini. "Ndugu Zuhura, umemfukuza mgeni." Sikumfukuza. Nilikataa kuibiwa. Anataka niandike barua ya kuomba radhi. Siandiki.

Nyumbani Mama naye: "Ungempa tu, mwanangu. Mabati mabovu yale." Nikamfokea. Mama yangu mzazi! Nikatoka, nikamwacha na sahani mkononi. Namchukia yule profesa kwa hilo pia.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwomba Mama radhi. Yeye tu. Kisha nikakaa nikaandika matokeo yangu yote, jina langu kamili juu ya kila ukurasa. Kesho yanakwenda posta, kwa chuo kimoja cha India. Nao wana pwani, nao wana kutu. Wakikataa, nitaandikia kwingine. Sichoki mimi.

Ijumaa, 17 Mei

India wamenikubali. Si metali. Ni saruji, jinsi inavyoliwa na maji ya bahari. Miaka minne. Nilidhani ningepiga kelele. Sikupiga.

Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia. Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza huko nani atanisuka nywele. Nikasema sijui. Akaweka ungo kando, akasogea kidogo mkekani. Nikakaa mbele yake, nikampa kichwa, akaanza kunifumua.