Mgonjwa Si Gunia

Mdogo wangu Somoe, sie huku Temeke wazima, alhamdulillahi.

Jana nilikwenda kwenye chuo cha uuguzi anakosoma binti yangu Zuhura. Wanajifunza kuuguza kwa mchezo kama ludo: kila hatua sahihi kete yako inasogea, ukikosea inarudi mwanzo; mie nikafanywa mgonjwa. Zuhura akanikamata mkono apime mapigo ya moyo. Mwalimu akapaza sauti: "Ndugu Zuhura, rudi mwanzo! Umemsalimia? Mgonjwa si gunia la korosho!" Darasa zima likacheka. Akarudisha kete, akapiga goti: "Shikamoo mama, pole. Naomba mkono." Machozi yakanitoka. Nilikukumbuka wewe, uliyeapa kutokanyaga hospitali tangu muuguzi alipokukaripia.

Namshukuru Mungu, wanafundishwa. Njoo hospitali jicho lako linalouma litazamwe, nitakaa nawe. Akikugusa mtu bila salamu, mwambie tu: rudi mwanzo!

Dada yako akupendaye,
Mwanahawa