Unga wa Mitoo Umeshangaza Maabara, Lakini Sikusema Yote

Shangazi Peris, nisaidie kabla moyo haujapasuka kwa furaha na woga. Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani Al-Baghdadiyah, Jeddah, na madam wangu ni mwalimu wa chuo kikuu, kazi yake ni kupima mimea ya nchi za joto aone ni ipi inazuia seli za mwili zisichakae haraka, basi siku moja akanikuta nakula mboga ya unga wa majani makavu niliyotumiwa na mama kutoka Vihiga, akauliza ni nini, nikasema mitoo, akaomba vijiko viwili akaenda navyo maabara. Wee, Shangazi! Alirudi mbio, hata abaya hajavua, akanionyesha video: maji ya zambarau yametiwa mitoo yangu, mara yakageuka manjano, anasema hiyo ndiyo dalili ya nguvu, na hii imepita mimea yote aliyopima mwaka huu! Nilipiga vigelegele jikoni mpaka watoto wakaja mbio. Wiki ijayo anaenda Riyadh kuwaeleza wasomi wenzake, na amesema ataniombea kazi ya usaidizi wa maabara, kafili aliyenidhamini abadilishe ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, halas, basi na kudeki! Lakini jana nikakumbuka kwetu mitoo haipikwi peke yake, ni michungu mno, na mama aliitwanga pamoja na majani ya kunde. Madam ameandika mitoo tupu. Nikisema, kazi itapotea, nikinyamaza, silali. Nifanyeje?

Truphena, Jeddah

Truphena, hongera mama! Barua yako nimeisoma nimesimama. Mboga za Vihiga maabarani Jeddah, nani angedhani!

Lakini wewe nawe! Unaulizwa ni nini, unataja nusu ya sufuria? Najua hukudanganya. Kwetu ukisema mitoo, kunde iko ndani na hakuna anayeitaja. Madam hajui hilo. Wasomi wa Riyadh wakipima mitoo peke yake wakose majibu yale, ataaibika mbele ya watu, na wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Mwambie leo, akiingia tu. Usilie wala usiombe msamaha mara kumi. Sema, "Madam, unga ule ni majani ya aina mbili. Sisi hupika hivyo, nikasahau kukuambia." Kisha mpigie mama akaushe mitoo kando, kunde kando, aandike jina kwa kila pakiti, akutumie haraka. Pengine nguvu iko kwenye kunde, pengine ni zote mbili pamoja. Wacha maji ya zambarau yaseme.

Na hiyo kazi, dada, ukiipata kwa kunyamaza utaifanya ukitetemeka kila siku. Msaidizi wa maabara hulipwa kusema ukweli kuhusu kilichomo ndani ya chupa. Anza leo.