Gesi Mpya Isiyonuka

Mama Zubeda,

Sabuni ya kufulia usiitafute, nimeichukua mimi. Tunapaka povu lake kwenye mabomba ya chumba cha baridi, panapovuja, linafura. Maharagwe nimeyaepua, hayajaiva.

Ulikuwa kisimani nilipopita. Asubuhi hii Charo ameanguka ndani ya chumba cha nyama. Ni hii gesi mpya ya kupozea chumba. Ile ya zamani ilituwasha macho, tukakimbia wenyewe. Hii haina harufu, inajaa chini kimyakimya na kuifukuza hewa. Charo aliinama kuokota spana, hakuinuka. Nilizuia pumzi nikamburuta hadi nje. "Charo! Charo, ndugu yangu!" Nikamtikisa. Halafu akakohoa. Wallahi, sijapata kusikia sauti tamu kama kikohozi kile.

Basi ndiyo sababu siku hizi sinuki nikirudi. Nawe juzi ukanishika shati, ukalinusa, "Hukwenda kazini wewe!" Nilinuna siku nzima. Leo nacheka.

Hapa nilikuwa nimeandika usimwambie Kafedha. Nimekata. Ni mkewe, ana haki ya kujua. Nenda kwake sasa hivi, mwambie Charo yuko hospitali, yu hai na anazungumza. Mfuatane, asiende peke yake.

Mimi narudi kuziba panapovuja. Usiogope. Milango tumeifungua yote, na mwenzangu atakaa nje ameshika kamba nitakayojifunga kiunoni. Nitaikaza kwa mafundo matatu: moja lako, moja la Zubeda, moja la huyo aliye tumboni mwako.

Baba Zubeda